Gari Ambalo Halikutumwa

Gari la shirika lilifariki mchana wa jua kali, katikati ya pori, kwenye njia ya magurudumu iliyokuwa imeacha vijiji vya mwisho vya Handeni mbali nyuma. Halikufa kistaarabu. Lilipiga kelele, likatema mvuke mweupe kupitia boneti, likatetemeka kama mgonjwa wa malaria, kisha likanyamaza. Marehemu aliacha watu wanne, madumu mawili ya maji ya kunywa, na mashine ya kupimia maji yaliyo chini ya ardhi, ambayo yenyewe ilikuwa nzima kabisa na haikuwa na msaada wowote.

Aliyekuwa kwenye usukani ni mzee Mbaruku, Mzigua wa Handeni, dereva tangu enzi ambazo wenzake wote garini walikuwa hawajazaliwa. Kando yake alikaa Joyceline, kiongozi wa timu, mzaliwa wa Manundu pale Korogwe, mjukuu wa Mnyamwezi aliyekuja kukata mkonge kwa mkataba na hakurudi tena kwao. Nyuma walikuwa wawili. Husna, fundi wa vipimo, msichana mwenye maneno machache na macho yanayosema yaliyobaki. Na Hiza, mchimbaji, mwenye mabega mapana kama mlango wa bwalo, ambaye safari nzima alikaa amenyoosha mguu wa kulia. Aliyemwuliza alijibiwa kwamba mguu umekufa ganzi.

Kazi yao ilikuwa kutafuta mahali pa kuchimba visima. Walikuwa hodari. Lakini tangu wafadhili wa ng'ambo walipofunga mkono mwanzoni mwa mwaka, neno moja lilikuwa likitembea ofisini bila kutamkwa: kupunguzwa. Watu wazima wenye watoto na mikopo walianza kuwahi kazini kabla ya mlinzi kufungua geti. Walicheka vichekesho vya mkurugenzi kabla hajavimaliza, kama wanafunzi wanaotafuta uviranja.

Zamani mzee Mbaruku ndiye aliyekuwa akipunguza hewa hiyo nzito. Wazigua na Wanyamwezi ni watani, tena watani wa kale, na mtani ana ruhusa ya kukuambia lolote mbele za watu nawe huna ruhusa ya kununa. Kisha siku moja akamwambia mama wa stoo, Mnyamwezi mwenzake Joyceline, kwamba yeye ndiye atakayetangulizwa kurudi Tabora kwa miguu, na mizigo kichwani kama babu zake. Siku nyingine mama yule angemjibu vibaya zaidi. Siku ile alijifungia stoo akalia mpaka jioni. Joyceline akaitisha kikao, akatangaza kwa sauti ya upole kwamba kuanzia hapo matani ni marufuku kazini.

Alikuwa na nia njema, na hilo lisemwe kwa heshima zote. Baada ya kikao ofisi ikawa kimya kama chumba cha mtihani, tofauti ikiwa kwamba mtihani huwa na saa yake ya kuisha.

Sasa walikuwa wamesimama mbele ya boneti iliyo wazi. Husna alikwenda nyuma kuchukua maji. Akanyanyua dumu la kwanza, likaja juu kwa wepesi uliomfanya ayumbe.

"Mzee, dumu hili lilijaa asubuhi."

"Lilijaa," Mbaruku alikubali.

"Maji yako wapi?"

Mzee akaelekeza kidevu chini ya rejeta, mahali ambapo mchanga ulikuwa unamalizia kukauka. "Inavuja. Nilikuwa naiongezea kila tuliposimama, nyie mkienda vichakani."

"Inavuja tangu lini?"

"Tangu kabla ya Ramadhani."

"Na hukusema!"

"Ningesema, wangesema dereva kaua gari. Dereva aliyeua gari anaanza kwenda nyumbani, mwanangu. Hilo nalo hulijui?"

Simu hazikuwa na mtandao. Hiza alijaribu kupanda juu ya gari ainue yake, akabadili mawazo ghafla, akabaki ameshika mlango huku jasho likimtoka. Wote wakamgeukia Joyceline.

Joyceline alikuwa amehudhuria semina ya uongozi katika hoteli moja nzuri ya Morogoro, ambako chai ilinywewa mara mbili kwa siku, na alifundishwa kwamba kiongozi hapaswi kuonyesha hofu mbele ya watu wake. Akaikunjua sauti ile aliyoitoa huko.

"Msiwe na wasiwasi. Ofisi inajua tulipo. Tukichelewa watatuma gari."

Ofisi haikujua. Mkurugenzi alikuwa amesimamisha safari zote za vijijini, na Joyceline alikuwa ameitoa timu yake kimyakimya, akiamini kwamba wakipata eneo moja tu zuri la kisima, hakuna atakayethubutu kuwagusa. Mtu pekee duniani aliyejua watu hawa wako wapi ndiye aliyekuwa akiwaambia watulie.

Wakatulia, kwa kuwa waliamini.

Walilala ndani ya gari, wakaamka, wakaendelea kusubiri. Jua lilipanda juu ya migunga isiyo na jani. Mbung'o walikuja, wakauma kupitia mashati, wakapigwa, wakarudi. Kila gogo lililodondoka mbali lilikuwa injini. Kila mara mmoja alisimama, akasikiliza, akakaa. Dumu la pili likashuka mpaka nusu, kisha chini ya nusu, kwani mtu anayesubiri gari hana sababu ya kubana maji.

Ilipofika alasiri, harufu ikaanza. Husna ndiye aliyesema.

"Kaka Hiza, vua kiatu."

"Niache."

"Vua, au nitakivua mimi."

Alivua, huku akiuma mkono wake mwenyewe. Msumari wa mbao chakavu za yadi ya ofisi ulikuwa umeingia chini ya wayo, na kidonda kilikuwa kimefunikwa kwa kitambaa na utepe wa gundi. Mguu ulikuwa umevimba hadi kwenye kifundo, ngozi imekuwa na rangi ya zambarau, na mstari mwekundu ulikuwa umeanza kupanda kwenye muundi.

"Lini?" Joyceline aliuliza.

"Kitambo kidogo."

"Kwa nini hukwenda hospitali?"

Hiza alimtazama kama mtu anayetazama swali la kijinga. "Ili mniandikie mgonjwa?"

Joyceline alikiosha kidonda kwa maji kidogo ya kunywa, akakifunga kwa kipande cha mtandio wa Husna. Kwa saa nzima alisema maneno ya kutia moyo, na kila neno lilipotoka, watatu wale walizidi kunyamaza.

Kesho yake asubuhi aliamua watembee. Walikata turubai la gari, wakalifunga kwenye nguzo mbili za kupimia, ikawa machela. Hiza alitembea kwa fimbo umbali mfupi, akaanguka, akalazwa kwenye machela. Ikawa Mbaruku na Joyceline mbele, Husna nyuma peke yake ameshika ncha zote mbili, kisha wakabadilishana, kisha wakasahau zamu ya nani.

Waliifuata njia ya gari. Njia ile ilikuwa na akili zake. Ilianza vizuri, ikapita kati ya minyaa, halafu ikajikunja taratibu kuelekea kusini-magharibi, kule ambako ramani huachwa nyeupe. Husna aliweka machela chini.

"Dada Joyce, geuka nyuma. Ile ya buluu kule ni milima ya Usambara. Chini yake kuna mto, na ng'ambo ya mto ni Mombo. Kwa nini tunaipa mgongo?"

"Gari litapita njia hii. Tukiiacha litatukosa."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Wakabeba tena. Turubai lilikata viganja. Hiza alikuwa anaongea na mke wake, ambaye hakuwapo. Waliopaswa kunywa walilowanisha midomo tu, dumu likarudi mahali pake likilia kwa utupu. Walikwenda hivyo mpaka vivuli vyao vikaingia chini ya nyayo, na hakuna alama yoyote ya tairi iliyokuwa mpya.

Ndipo mzee Mbaruku alipoweka upande wake wa machela chini, akatembea hatua chache mbele, akajilaza chali katikati ya njia. Akafunga macho. Akakunja mikono kifuani.

Joyceline alimkimbilia. "Mzee! Mzee Mbaruku!"

"Mzee kafa," alijibu Mbaruku, macho yakiwa yamefumbwa. "Unaongea na maiti."

"Simama, tafadhali."

"Hapa ni kaburini. Mtani kalala kaburini, msiba umesimama. Hapiti mtu mpaka Mnyamwezi alipe."

Mtu ambaye hajawahi kuzika huko ataona ni wazimu wa kiu. Lakini wote wanne walikuwa wameshaona jambo hilo: jeneza limefika, na mtani wa marehemu karukia shimoni, kajinyoosha, anadai chake, na ndugu wenye msiba hawawezi kumpiga wala kumfukuza. Wanalipa, ndipo anatoka. Tena kila mtu anajua hatoki kwa maneno matamu.

"Nilisema matani basi," Joyceline alisema.

"Maiti haisikii amri."

"Tutakufa hapa, mzee."

"Ndiyo maana nimewahi kushika nafasi nzuri."

"Nikulipe nini? Sina kitu!"

"Unacho. Tangu juzi unakitafuna, hukimezi wala hukitemi." Mbaruku hakufumbua macho. "Mjukuu wa wabeba mizigo, waliotembea toka Tabora mpaka wakasahau njia ya kurudi. Nijibu. Hilo gari linatoka wapi? Kalituma nani?"

Joyceline alifungua kinywa ili ile sauti ya Morogoro itoke. Haikutoka. Alimtazama Husna, ambaye viganja vyake vilikuwa vinavuja damu, kisha akamtazama Hiza, akakaa chini mavumbini kama mtoto.

"Hakuna gari," alisema.

Alifuta uso kwa mkono wenye vumbi.

"Ofisi haijui. Safari zilisimamishwa. Niliwatoa bila ruhusa, nilidhani tukipata kisima watatuacha. Hakuna anayetutafuta."

Husna aliokota jiwe. Kwa kitambo halikujulikana litakwenda wapi. Likaenda kichakani. "Siku nzima," alisema. "Tumekaa siku nzima tunakunywa maji, tunasubiri hewa. Na leo nusu siku tunatembea kuipokea hewa hiyo!"

"Bado," Hiza alisema kutoka kwenye machela. Macho yake yalikuwa mekundu lakini yamerudi. "Bado hajamaliza kulipa. Najua mkurugenzi kakuambia utaje watu wa kupunguzwa. Wangapi?"

"Wawili."

"Akina nani?"

Mbung'o alitua shingoni mwa Joyceline. Hakumpiga. "Wewe na mzee."

Maiti ilifumbua jicho moja. "Hata marehemu kapunguzwa?"

Hiza alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kikavu, kikageuka kikohozi kikamkunja. Husna hakucheka.

"Kwa nini mimi?" Hiza aliuliza alipopata pumzi.

"Mwezi huu ulikuwa mzito. Ulikuwa unachelewa, unakaakaa. Nilidhani kazi imekuchosha."

Hiza aliinua kichwa, akautazama mguu wake, akamtazama yeye. Joyceline hakutazama pembeni.

Mbaruku akasimama, akajikung'uta makalio. "Malipo yamefika. Machungu, lakini yamefika. Njia iko wazi." Akashika machela. "Sasa tuigeuze. Kama hakuna gari, hatuna haja ya barabara."

Wakaiacha njia, wakaelekea milimani.

Kuanzia hapo pori likawa baya zaidi. Hapakuwa na njia. Miiba ilishika turubai, ikashika nywele, ikachana mikono ya shati na ngozi iliyokuwa ndani yake. Ulimi wa Husna ulivimba. Mbaruku alitapika, na hakuna kilichotoka. Hawakuwa wamesameheana, hakuna aliyekuwa na mate ya kutosha kwa kazi hiyo. Ila sasa mtu aliyelegea alisema, "Naachia," kabla hajaachia, na mwingine akaingia mahali pake, na machela haikuanguka tena.

Walikuta korongo kavu lenye mchanga mweupe. Husna alisimama kwenye ukingo akiangalia pale linapojipinda.

"Kuna maji?" Mbaruku aliuliza.

"Sijui. Nadhani. Vipimo vyangu vyote vimebaki garini."

"Tukichimba tukakosa, tutakuwa tumemaliza nguvu," alisema Joyceline. "Mimi nachagua tuchimbe. Mnaonaje?"

Wakachimba kwa mfuniko wa sufuria waliyobeba na kwa kucha. Shimo la kwanza lilikuwa kavu mpaka mwamba. Husna alilia bila machozi, akasogea mahali ambapo tembo walikuwa wameacha kinyesi, akaanza upya. Shimo la pili lilizama mpaka mabegani mwa Mbaruku alipolala kifudifudi, ndipo mchanga ukaanza kushikana. Kisha ukawa tope. Kisha, polepole kwa dharau, tone likajikusanya.

Walichuja kwa mtandio. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya bweni na ladha ya zizi. Hiza alinyweshwa kwanza.

Wakayakusanya mpaka jua lilipopoa, wakajaza kidogo kwenye dumu, wakaondoka. Hiza alichomwa na homa mpaka turubai likawa na joto. Mstari mwekundu ulikuwa umepita goti. Walipompumzisha chini ya mgunga, alimshika Joyceline mkono wa shati.

"Niacheni hapa. Mkifika mtaleta watu."

Palikuwa na majibu mengi mazuri ya kumpa. Joyceline aliyapitia yote, akayaacha.

"Nimefikiria kukuacha," alisema. "Tangu kwenye korongo. Siyo mara moja. Nimeshindwa, lakini nimefikiria."

Hiza aliuachia mkono wa shati. "Hata mimi ningefikiria," alisema. "Wewe mwepesi kubeba, lakini ningefikiria."

"Basi inua kichwa unywe."

Asubuhi iliyofuata walisikia debe. Mtu alikuwa analipiga, mapigo matatu, kimya, mapigo matatu. Mbaruku aliuliza kama wenzake wanasikia, kwa kuwa hakuziamini tena akili zake. Walisikia. Walilifuata debe lile kupitia vichaka vilivyoanza kuwa na majani, wakaangukia kwenye shamba la mahindi kando ya mto. Nyani walitawanyika. Mwanamke mmoja alikuwa juu ya kichuguu, ameshika debe na gongo, amekasirika.

"Nani huko? Mkiiba mahindi yangu nitawavunja vichwa!"

"Shikamoo, mama," alisema Joyceline, akapiga magoti kwa sababu miguu ilikuwa imekataa.

Mwanamke huyo, Rukaya, mkulima wa pale, aliwaangalia mmoja mmoja, nguo zilizochanika, midomo iliyopasuka, machela. Aliposikia harufu ya mguu, debe likamdondoka.

"Marahaba," alisema, maana heshima ni heshima. Kisha akapiga yowe mpaka watu wa ng'ambo ya mto wakatoka mbio.

Hiza alivushwa kwa mtumbwi, akapandishwa bodaboda akiwa amebanwa kati ya dereva na Husna, na pikipiki ikaenda mpaka Mombo ikipiga honi njia nzima. Kutoka Mombo alipata gari hadi hospitali, Korogwe. Madaktari walifanya walichoweza. Waliukata mguu juu ya goti, wakasema angechelewa siku moja tu wangekuwa wanaandika cheti kingine.

Siku moja. Joyceline aliisikia vizuri sana ile siku moja. Alijua ni ipi.

Alitoka nje ya wodi, akaazima simu, akampigia mkurugenzi. Alikuwa amejiandaa kusema mengi. Alisikia kelele za meza zikiburuzwa.

"Joyceline! Uko wapi, tunahitaji funguo za ofisi yako," alisema mkurugenzi. "Hukupata ujumbe? Wamefunga ofisi nzima. Sote. Tunahamisha vitu tangu Jumatatu."

"Tulipotea porini," alisema Joyceline. "Tumepotea siku zote hizi."

Upande wa pili meza ziliacha kuburuzwa. "Tulidhani mko nyumbani mnatafuta kazi," alisema mkurugenzi.

Aliirudisha simu. Alisimama kwenye korido, karibu na ndoo ya kunawia, ambako mtu angeweza kusimama muda mrefu na kutafuta maneno laini. Kisha akaingia wodini moja kwa moja. Husna alikuwa anamlisha Hiza uji, viganja vyake vimefungwa bandeji. Mzee Mbaruku alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea ukuta.

"Wamefunga," alisema kabla hajafika kitandani. "Ofisi yote. Hakuna wawili. Ni sote wanne, na mkurugenzi, na mama wa stoo. Na hakuna aliyejua kuwa tumepotea."

Husna alirudisha kijiko kwenye bakuli. Mbaruku alitaka kusema kitu cha utani. Ilionekana kikija mpaka mdomoni, kisha akakimeza na kufuta macho kwa kofia yake.

"Haki zetu watalipa?" Hiza aliuliza.

"Sijui."

"Na huu mguu? Niliumia yadini kwao."

"Sijui, Hiza. Nitauliza, nitadai, na watakachonijibu nitakuja kukuambia hivyo hivyo walivyojibu. Ila leo sijui."

Hiza alimtazama kwa muda mrefu. Mwanamume yule hakuwa amesamehe. Uso wake haukuficha hilo. Ila alishika ukingo wa kitanda, akauma meno, akausogeza mguu mmoja aliobaki nao upande wa ukutani, na hapo alipouondoa pakapatikana nafasi ya mtu kukaa.